Daktari Aliyetamka Maslahi Yake

Hotuba iliyotolewa baada ya chakula cha jioni, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani



 Zamani katika bwalo hili hili sauti yangu ilisikika mara moja tu kwa muhula, nayo ilikuwa ya kuomba nyongeza ya maharage. Leo nimepewa dakika ishirini na maharage yamekwisha kuliwa, kwa hiyo nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Kamati iliniandikia barua kwamba nizungumze juu ya Utumishi wa Umma. Mada hiyo ni pana kama bahari, na mimi si nahodha. Nimeamua kuwaeleza habari za mtu mmoja tu. Alianza kama diwani na daktari katika kitongoji cha mji wake, akafika mbali, na katika safari yake kuna Jumapili moja ambayo nimeifikiria sana katika miaka yangu ya kazi Serikalini.

Naomba niseme mapema jambo ambalo huenda likawashitua baadhi yenu, ili lisituvamie katikati ya njia. Mtu huyo ni mwanamume ampendaye mwanamume, na alilisema hilo hadharani akiwa Waziri wa Afya. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kejeli kwa watu wa namna hiyo. Usiku huu sitayatumia. Sikuja kugusa dini ya mtu, na sheria ya nchi yetu naijua mpaka namba ya kifungu. Nimekuja na swali la kazi: mtumishi wa umma afanye nini pale jambo lake la ndani linapokutana na uamuzi anaotakiwa kuutoa kwa niaba ya watu wote?

Jina lake ni Leo Varadkar, wa nchi ya Ayalandi. Nilimfahamu kwa kusikia, maana mwaka 2014 nilipata ufadhili wa Serikali ya nchi hiyo kwenda kusoma shahada ya pili mjini Dublin. Ayalandi si nchi ngeni kwetu. Walio na jamaa Singida wanaijua Hospitali ya Makiungu. Ilianzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoundwa mwaka 1937 na mwanamke wa Dublin, Mama Mary Martin. Kwa hiyo nilipoambiwa nakwenda Ayalandi, mama yangu aliuliza tu kama ndiko walikotoka wale masista. Nikamjibu ndiko. Akasema basi nenda, ila uchukue sweta.

Varadkar alizaliwa Dublin tarehe 18 Januari, 1979. Baba yake ni daktari, mzaliwa wa Mumbai, India. Mama yake ni muuguzi wa Kiayalandi kutoka Dungarvan. Walikutana kazini Uingereza katika miaka ya 1960, wakaoana, na baadaye wakahamia Dublin. Mtoto akakulia katika nyumba ambamo habari za wagonjwa zilikuwa mazungumzo ya mezani. Akasomea udaktari Trinity College, akahitimu mwaka 2003.

Siasa ilimshika mapema kuliko udaktari. Mwaka 1999, akiwa mwanafunzi wa miaka 20, aligombea udiwani akapata kura 380, akaanguka vibaya. Mwaka 2003 chama chake cha Fine Gael kilimteua kujaza kiti kilichokuwa wazi katika Halmashauri ya Fingal, kaskazini ya Dublin. Mwaka uliofuata akaenda mwenyewe kwa wananchi. Kule mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walioandika namba moja mbele ya jina lake walikuwa 4,894, idadi kubwa kuliko ya diwani mwingine yeyote katika nchi nzima mwaka ule.

Ninyi mnaozijua halmashauri mnajua mambo ya diwani: barabara, viwanja, nyumba, taka. Varadkar aliyabeba hayo huku akiwa daktari kijana katika hospitali za Dublin, kazi ambayo zamu zake hazimjui diwani wala mjumbe. Mwaka 2007 akaingia Bungeni kwa jimbo la Dublin West, na mwaka 2010 akakamilisha mafunzo ya udaktari wa familia. Mwaka 2011 akapewa uwaziri wa uchukuzi, na Julai 2014 akakabidhiwa Wizara ya Afya.

Ndugu zangu, Wizara ya Afya ni kaa la moto katika kila nchi, hata zile tunazodhani zimeshiba. Nilipokuwa kule, tarehe 6 Januari, 2015, chama cha wauguzi kilihesabu wagonjwa 601 waliolala kwenye machela na katika korido za hospitali wakingoja vitanda. Mimi nilikuwa nikidhani hayo ni ya kwetu tu. Magazeti yalimwandama Waziri usiku na mchana.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 18 Januari, siku aliyotimiza miaka 36, Waziri huyo alihojiwa katika redio ya taifa. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa misa ya kila siku, ambaye redio yake ya jikoni haikuzimwa. Nilikuwa nikinywa chai wakati Waziri aliposema kwamba yeye ni mwanamume apendaye wanaume. Alisema jambo hilo halikuwa siri, lakini si kila mtu alilijua. Hakutaka kuitwa mwanasiasa wa namna fulani kwa sababu hiyo, kama vile asivyotaka kuitwa mwanasiasa nusu Mhindi. Ni sehemu moja tu ya nafsi yake.

Mama yule aliweka kikombe chini, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema haya yote ni sawa, ila yeye angependa kujua vitanda vitapatikana lini.

Nilicheka, na bado nacheka nikikumbuka. Lakini kadiri nilivyokua kazini ndivyo nilivyoona kwamba mama yule alikuwa mpiga kura bora kabisa. Alisikia, akapima, akarudi kwenye kazi aliyomwajiri Waziri kuifanya.

Sasa nieleze sababu aliyoitoa Waziri, maana hapo ndipo lilipo somo langu. Alikuwa na mambo matatu mbele yake. La kwanza, mwezi Mei wananchi wangepiga kura ya maoni kuamua kama watu wawili wa jinsia moja waruhusiwe kufunga ndoa ya kiserikali, naye angeshiriki kampeni. La pili, wizara yake ilikuwa ikitayarisha sheria juu ya mwanamke kumbebea mimba mtu mwingine. La tatu lilikuwa damu. Tangu miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipotokea, mwanamume aliyewahi kulala na mwanamume mwenziwe alikatazwa kuchangia damu maisha yake yote. Waziri wa Afya ndiye angeamua kama katazo hilo libaki au liondolewe.

Alisema hakutaka siku moja watu wadhani kwamba alikuwa na ajenda ya siri. Alitaka wajue nani anayeamua.

Sisi tunaohudhuria vikao vya halmashauri tunalijua hilo kwa jina lake: kutamka maslahi. Diwani mwenye kiwanja pale inapopita barabara husimama, hutamka, na kikao hujua. Mtumishi ambaye shemeji yake ameomba zabuni hufanya vivyo hivyo. Wengi wetu tumezoea kuona maslahi kuwa ni fedha na ardhi. Yule alitamka kitu kizito kuliko kiwanja, kitu ambacho kingeweza kumgharimu kura, na alifanya hivyo kabla ya uamuzi, hakungoja kufichuliwa.

Matokeo yake? Suala la damu lilikwenda kwa wataalamu. Yeye aliondoka wizarani mwaka 2016 kabla halijatangazwa. Mrithi wake ndiye aliyetangaza kwamba katazo la maisha litaondolewa, na tangu Januari 2017 likawa zuio la mwaka mmoja. Novemba 2022 wakaacha kabisa kuuliza kundi la mtu, wakaanza kupima hatari ya kila mchangiaji mmoja mmoja, awe mwanamume au mwanamke. Kila hatua ilifuata vipimo, na hakuna aliyeweza kusema ilianzia katika siri ya Waziri.

Kura ya maoni niliishuhudia kwa macho. Ilikuwa tarehe 22 Mei, 2015. Vijana waliokuwa wakifanya kazi Uingereza na kwingineko walirudi kwa meli na ndege ili wapige kura tu, wakiburuta mabegi kutoka bandarini. Waliosema ndiyo walikuwa 1,201,607, waliosema hapana 734,300, yaani asilimia 62 kwa 38. Ayalandi ikawa nchi ya kwanza duniani kuliruhusu jambo hilo kwa kura ya wananchi wote. Nalikumbuka pia hili: wale 734,300 hawakuwa watu wabaya, na siku ya pili walikwenda kazini pamoja na majirani zao waliopiga kura kinyume. Hakuna duka lililochomwa.

Mwezi Juni 2017 Varadkar akawa Waziri Mkuu akiwa na miaka 38, kijana kuliko wote waliomtangulia katika kiti hicho.

Ndugu Mwenyekiti, nisingependa mwondoke hapa mkidhani nimewaletea malaika. Mwaka 2010 Bungeni, mtu huyu huyu alisema kila mtoto ana haki ya baba na mama, akasitasita juu ya watu wa jinsia moja kulea watoto wa kuasili, baadaye akabadilika. Mwaka 2017, akiwa Waziri wa Ustawi wa Jamii, aliendesha kampeni kali dhidi ya wanaodanganya ili wapate posho za Serikali, na wengi waliona amewadhalilisha maskini. Alipokuwa Waziri Mkuu, watu wasio na makazi walipita 10,000, na machela zile za hospitali hazikwisha.

Kubwa zaidi, na hili linatuhusu sisi tunaoshika mafaili: mwaka 2019, akiwa Waziri Mkuu, alimpa rafiki yake nakala ya rasimu ya mkataba kati ya Serikali na chama cha madaktari. Rafiki huyo alikuwa rais wa chama kingine cha madaktari, kilichoshindana na kile cha kwanza. Habari zikatoka gazetini mwaka 2020. Akaomba radhi Bungeni. Polisi wakachunguza, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaamua asishitakiwe. Lakini faili lilikuwa limetoka. Mtu aliyetamka jambo gumu la maisha yake mbele ya taifa zima alipitisha karatasi kwa rafiki bila kumwambia mtu. Nawaambia hili ili tuelewe kwamba uaminifu hauji mara moja ukakaa. Unadaiwa kila siku, na katika vitu vidogo ndipo wengi tunapoteleza.

Wapo waliomsamehe kwa sababu ya mwaka 2020. Mwezi Machi, UVIKO-19 ulipoingia, aliomba jina lake lirudishwe katika orodha ya madaktari, alikokuwa ametoka mwaka 2013. Akawa anatoa zamu moja kwa wiki akiwahoji kwa simu watu walioshukiwa kuambukizwa, huku akiwa bado Waziri Mkuu. Watu walisema ni siasa. Huenda. Lakini aliyekuwa anakohoa upande wa pili wa simu alihitaji daktari, na daktari alikuwapo.

Alirudi tena katika uwaziri mkuu Desemba 2022. Machi 2024 Serikali yake ikashindwa vibaya katika kura mbili za maoni kuhusu familia na malezi, na siku chache baadaye akatangaza kung'atuka, akisema sababu zake ni za binafsi na za kisiasa. Mwezi Aprili akakabidhi kiti. Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo hakugombea.

Sasa mtaniuliza: haya ya Ulaya yanatuhusu nini sisi? Nitajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la historia. Msidhani Ayalandi ilizaliwa hivyo. Sheria zilizokuwa zikiwafunga watu hawa kule zilitungwa na Bunge la Uingereza mwaka 1861 na 1885. Kwa ile ya 1885 mwandishi Oscar Wilde, mzaliwa wa Dublin, alifungwa mwaka 1895 kwa kazi ngumu miaka miwili. Wakati wa uhuru wao sheria hizo zilibaki kabatini, kama na sisi tulivyobaki na zetu, zilizotoka kwa mkoloni yule yule. Mhadhiri mmoja, David Norris, aliifikisha Serikali yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashinda mwaka 1988. Bunge likaondoa adhabu mwaka 1993. Varadkar alikuwa na miaka 14. Juni 2018 alisimama Bungeni akiwa Waziri Mkuu kuwaomba radhi, kwa niaba ya Serikali, wote walioadhibiwa.

Tazameni mfululizo huo. Bila mwaka 1993 isingekuwapo Jumapili ya mwaka 2015. Mtu hawezi kutamka maslahi yake mahali ambapo kutamka ni kujishitaki. Tunawataka watumishi wa umma waseme kweli, nasi tuna haki ya kuwataka. Ila tujue kwamba kweli nyingine tumeifungia mlango wenyewe, kisha tunashangaa kwamba haiingii.

La pili ni la hapa nyumbani. Wengi wenu mnamkumbuka mwenzetu mmoja, tabibu, ambaye sitamtaja. Alifanya kazi katika zahanati moja ya kijijini kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa akipeleka chanjo kwa baiskeli wakati pikipiki ya zahanati ilipokuwa mbovu, na pikipiki ile ilikuwa mbovu sikuzote. Akaomba udiwani. Katika mikutano hakuna aliyemwuliza juu ya dawa, wala maji, wala choo cha shule. Aliulizwa kwa nini hajaoa. Kwanza ilikuwa minong'ono, kisha ukawa wimbo wa vijana barabarani, mwishowe ukawa ujumbe katika simu za wanachama wetu wenyewe, watu waliolala naye bweni moja. Akashindwa. Hilo si neno, kushindwa kupo. Lakini baada ya miezi michache aliomba uhamisho akaenda mbali, na kata ile ilikaa muda mrefu bila tabibu. Akina mama wajawazito walitembea mpaka kata ya jirani.

Sijui ya nyumbani kwa mwenzetu, wala sikumwuliza. Hakuwa na uamuzi wowote mbele yake uliomlazimu kutueleza. Varadkar alitamka kwa sababu alikuwa na uamuzi wa kutoa. Aliyefikishwa mahali hapo na aache watu wajue. Asiye na uamuzi kama huo, nyumba yake ni yake. Tofauti hiyo tukiishika, tutakuwa tumeuelewa utumishi wa umma kuliko semina nyingi ninazozifahamu.

Namrudia kidogo yule mama wa Dublin. Angekuwa mpiga kura wa kata ile, najua swali ambalo angeuliza. Angeuliza pikipiki itatengenezwa lini.

Ndugu zangu, kesho asubuhi tunachagua viongozi wapya wa chama hiki. Mwakani na miaka ijayo tutachagua wengine, wakubwa kuliko hawa. Ninalo ombi moja. Kila mtu anapotaka kusimama kumpinga mwenzake, na alete daftari la kazi yake: fedha alizoshika, vikao alivyohudhuria, ahadi alizotimiza na alizozivunja. Akiwa ameficha maslahi katika zabuni ya bweni jipya, tumwulize bila huruma. Ya chumbani kwake tuyaache chumbani. Na yule mwenzetu tabibu, kwa kuwa Katibu anayo anwani yake, napendekeza tumwandikie barua ya kumkaribisha mkutano wa mwaka ujao. Nauli nitachangia mimi wa kwanza.